Mali bila daftari: Nani anatunza kumbukumbu za forodha kwa miaka 5?

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mfanyabiashara wa mpakani anaujua ukweli huo kuliko mtu mwingine. Lakini siku hizi daftari kubwa si lake, wala si la karani wa forodha. Limo ndani ya kompyuta. Swali ambalo wachache wanaliuliza ni hili: daftari hilo linatunzwa kwa muda gani, na nani anaweza kulifuta?

Tuanze na sheria. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inampa afisa wa forodha uwezo wa kumtaka mwenye mzigo atoe vitabu na hati zake ndani ya miaka 5 tangu mzigo uingie. Ushuru uliotozwa pungufu nao unaweza kudaiwa ndani ya miaka 5, na palipo na udanganyifu hata kikomo hicho hakipo.

Jambo hili linawagusa pia waliorejea makwao. Sheria hiyo hiyo inamruhusu anayerudi kuishi nchini kuingiza vyombo vyake vya nyumbani na gari moja bila ushuru, mradi gari hilo amelimiliki na kulitumia huko alikotoka kwa muda usiopungua miezi 12. Akiulizwa mwaka wa 4, atajitetea kwa nini? Karatasi huloa mvua na hupotea katika kuhamahama. Kinachobaki ni kumbukumbu za ukaguzi ndani ya mfumo: nani aliidhinisha msamaha, siku gani, saa ngapi, na nani alibadilisha tarakimu baadaye.

Ikumbukwe kwamba chini ya Himaya Moja ya Forodha, iliyoanza mwaka 2014, mzigo wa Kampala au Kigali hulipiwa ushuru ungali bandarini Mombasa au Dar es Salaam. Habari za mzigo mmoja zimetawanyika katika mifumo ya nchi zaidi ya moja. Mmoja akifuta za kwake mapema, mnyororo umekatika kwa wote.

Sababu inayotolewa mara nyingi ya kufuta ni gharama, kwa kuwa kila afisa anapogusa hati mfumo huandika mstari, na mistari hiyo hufikia mamilioni. Je, hoja hiyo bado ina uzito? Tuchukue mfano wa kampuni ya Amazon, inayokodisha nafasi katika kompyuta zake kwa njia ya intaneti, huduma inayoitwa wingu. Katika vituo vyake vya mashariki mwa Marekani, gigabaiti 1,000 katika hifadhi ya kawaida hugharimu dola 23 hivi kwa mwezi. Katika hifadhi ya kina, iliyoanza mwaka 2019 kwa vitu visivyofunguliwa mara kwa mara, ni kama dola 1. Kwa miaka 5, ya kwanza ni dola 1,380, ya pili haifiki 60.

Rahisi ina masharti yake. Kuitoa kumbukumbu huko huweza kuchukua saa 12 au zaidi, na hulipiwa. Faili ndogondogo nyingi huongeza gharama, kwa hiyo ni busara kuzifunga pamoja kwa siku na kuzibana kwanza. Za miezi ya karibuni zikae mahali pa kufikiwa upesi, za zamani ziende ghala la mbali. Jambo kubwa zaidi, ipo kufuli ambayo ikishawekwa, hata mkuu wa mfumo hawezi kufuta kitu mpaka muda uliopangwa upite.

Wapo watakaouliza kama ni halali kupeleka habari zetu ng'ambo. Swali hilo ni la haki. Sheria ya Rwanda ya mwaka 2021 inataka habari binafsi zihifadhiwe ndani ya nchi, ila kwa kibali. Kenya na Uganda zilitunga sheria zao mwaka 2019, Tanzania mwaka 2022. Lakini utaratibu wa kubana, kupanga na kufunga unafaa hata kwa mashine zilizo nyumbani.

Somo limetoka Marekani. Mwezi Juni 2023, Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi hiyo iligundua kwamba wadukuzi wameingia katika barua pepe zake. Iliweza kugundua kwa sababu ilikuwa imelipia kumbukumbu za daraja la juu. Wateja wa Microsoft ambao hawakulipia hawakuwa nazo. Baada ya lawama, kampuni hiyo ilitangaza kuzitoa kwa wateja wengi zaidi, na muda wa kawaida wa kuzitunza ukaongezwa kutoka siku 90 hadi 180.

Siku 180 hazimsaidii anayedaiwa mwaka wa 4. Kama serikali inaweza kurudi nyuma miaka 5 kumuuliza mwananchi, basi nayo itunze kwa miaka 5 kile kinachoweza kumtetea, na impe nakala akiomba. Vyama vya wafanyabiashara vina haki ya kulidai hilo kwa mamlaka za mapato. Wakati tunasubiri, msomaji, andika namba ya tamko la mzigo wako na ya stakabadhi, piga picha zote mbili, weka mahali pawili. Daftari lako dogo bado lina kazi.