Bei Kabla ya Machela

Ndugu msomaji, fikiri kwamba unaishi hapa Sherikat, upande wa mashariki wa Mto Nile, na usiku wa manane mama mjamzito wa nyumba ya jirani anaanza kutokwa na damu. Hospitali ya Mafunzo ya Juba iko ng'ambo ya pili. Utampigia nani simu? Wengi wetu hatumpigii yeyote. Tunamwamsha mwenye bodaboda au raksha, naye swali lake la kwanza ni nauli. Simlaumu, kwani petroli haiuzwi kwa huruma. Kampuni yenye magari ya wagonjwa nayo ina madereva wa kulipa.

Tangu Mei 2022 tunalo Daraja la Uhuru, lililojengwa kwa msaada wa Japani. Basi njia ya kuvukia ipo. Kinachokosekana ni gari na mlipaji.

Yupo atakayesema: serikali haina fedha, tuwaachie wafanyabiashara. Hoja hiyo naikataa. Biashara hulipeleka gari kwa mwenye kulipa, si kwa mwenye kuumia. Barabara ya Nimule, kilomita 192 za lami zilizokamilika mwaka 2012, inapita hapa hapa petu, na anayegongwa na lori hachagui kugongwa siku ya mshahara.

Tena jambo hili limekwisha kuamuliwa. Fungua Katiba ya Mpito ya mwaka 2011, ibara ya 31. Inaziagiza ngazi zote za serikali kuwapa raia wote huduma za msingi za afya na huduma za dharura bila malipo. (Wewe usemaye Kiarabu cha Juba umekwisha kulitambua neno dharura: asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni jambo la lazima.) Kwa hiyo dereva anapodai nauli kando ya mgonjwa, anamdai asiye mdaiwa.

Je, nasema kampuni na watu binafsi wafukuzwe? La hasha! Tazama Tanzania na mpango wake wa m-mama, uliotangazwa kuwa wa nchi nzima mwaka 2022. Mama mjamzito akipatwa na hatari, hupigwa namba 115 bila malipo. Gari la wagonjwa lisipokuwa karibu, huitwa dereva wa kawaida wa eneo hilo aliyesajiliwa, na malipo yake humfikia kwa simu. Gari ni lake na ujira ni wake, lakini mama haulizwi hata shilingi.

Sidai kwamba gari peke yake linatosha. Oktoba 2015, jijini Nairobi, majeruhi mmoja alikaa saa 18 ndani ya gari la wagonjwa akitafutiwa kitanda cha wagonjwa mahututi, akafa, ingawa Katiba ya Kenya ya 2010 inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura.

Basi utakapoitwa kwenye mkutano wa payam, simama uulize mambo matatu: namba ya kupiga usiku ni ipi, dereva analipwa na nani, na kitanda kiko wapi. Ukiambiwa usubiri bajeti, uliza ni bajeti ya mwaka gani, kisha liandike jibu hilo pamoja na tarehe na cheo cha aliyelitoa.