Ubao wa Mrusha Ndege

Wako wazee wenzangu ambao wakimwona kijana ameikabili kompyuta, mikononi ana rimoti ya vijiti viwili na kiooni ndege inazunguka, husema papo hapo kwamba huo ni upuuzi. Mimi sikubaliani nao, na leo napenda kutoa sababu zangu.

Kwanza tufahamiane tunazungumza nini. Kuna ndege ndogo za mfano zirushwazo kwa mawimbi ya redio, mrushaji mwenyewe akiwa amesimama chini. Na kuna programu za kompyuta ziigazo urukaji wa ndege hizo, nyingine za kununua kama RealFlight, nyingine za bure. Rimoti ya ndege ya kweli huunganishwa na kompyuta kwa waya, kisha mwanafunzi huanza kujifunza. Haoni kama rubani aliyekaa ndani ya ndege. Huona kama mtu aliyesimama uwanjani akatazama juu.

Hapo ndipo ilipo elimu yenyewe. Ndege ikikupa mgongo, kulia kwake ni kulia kwako. Lakini igeukapo ikakujia, mambo hupinduka: kulia kwake kumekuwa kushoto kwako. Mkono uliozoea njia moja huchanganyikiwa, na kufumba na kufumbua ndege iko chini, mbawa zimevunjika. Mafundi hufundisha hivi: ndege ikikujia usoni, sukuma kijiti upande wa bawa lililoinama, kana kwamba walitilia nguzo lisianguke. Neno hili laelezwa kwa dakika moja, lakini halishikwi mpaka mkono umelirudia mara nyingi hata ukaacha kuuliza. Kwenye kompyuta, ndege iliyoanguka huinuliwa kwa kubonyeza kitufe. Uwanjani, kuanguka ni hasara ya pesa, na huenda ikawa kichwa cha mtoto wa mtu.

Je, jambo hili ni geni kwetu? Hata kidogo. Sisi tuliosoma vyuoni twaujua ubao. Mtoto hakupewa Msahafu siku ya kwanza. Alipewa ubao, kalamu ya mwanzi na wino, akaandika alifu na be na te, akakosea, ukaoshwa, akaandika tena. Ubao uliwekwa ili makosa yawe na mahali pake, na hakuna mzazi aliyesema mwanawe anachezea maji na wino. Kompyuta ya mrusha ndege ni ubao wa namna hiyo.

Na waliodharau jambo hili zamani walijuta. Mmarekani Edwin Link, ambaye babake alikuwa na kiwanda cha vinanda, alitengeneza mwaka 1929 chombo cha kufundishia marubani pasipo kuondoka ardhini. Kilikuwa kama kindege kifupi, kikiyumbishwa kwa viriba vya upepo, vile vile vitumikavyo katika vinanda. Wakubwa wa ndege waliona ni mchezo, na vya mwanzo vikauzwa kwa wenye viwanja vya starehe. Mwaka 1934 jeshi la Marekani lilipewa kazi ya kubeba barua kwa ndege, na marubani kadhaa wakafa kwa kuruka gizani na katika hali mbaya ya hewa. Hapo ndipo jeshi liliponunua vyombo sita vya Link. Vita Vikuu vya Pili vilipokuja, marubani kwa maelfu walifundishwa navyo.

Sasa turudi nyumbani. Sisi wa bara ya Mombasa tuna sababu zaidi ya kulizingatia jambo hili. Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi uko Changamwe, na kutoka Likoni hadi huko ni kuvuka maji tu. Ndege kubwa zenye abiria hushuka juu ya mapaa yetu. Kisauni nako nyumba zimebanana, na kiwanja kitupu kikionekana leo, kesho kimezungushiwa ukuta. Basi kijana ajifunzie wapi? Kanuni za Kenya za mwaka 2020 zataka chombo kisicho na rubani kiandikishwe na mrushaji awe na idhini, na si jambo la kulalamikia. Chini ya mbingu kama hii yetu, makosa ya mwanzo hayafai kufanyiwa hewani.

Wala asidhani mtu kwamba mwisho wa elimu hii ni michezo. Ndugu zetu wa Zanzibar walianza mwaka 2016 kupiga ramani ya Unguja na Pemba kwa ndege zisizo na rubani, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wakafundishwa kazi hiyo. Mwaka huo huo Rwanda ilianza kupeleka damu hospitalini kwa vyombo kama hivyo. Wetu wasiwe watazamaji tu.

Hata hivyo ubao si Msahafu. Programu huweza kuiga upepo, lakini haimpigi mtu jua la machoni, wala haimtii hofu. Mtoto arushaye tiara ufuoni Likoni wakati wa kusi anajua mambo ya upepo ambayo kioo hakitamfunza. Kwa hiyo nasema, baada ya kompyuta pawe na mwalimu, pawe na kiwanja cha halali kilicho mbali na njia ya ndege, na pawe na idhini.

Ombi langu ni dogo. Wenye kusimamia maktaba, kumbi za vijana na madrasa zenye kompyuta, watenge saa chache kwa wiki kwa mafunzo haya, chini ya uangalizi wa mtu mzima ajuaye. Viongozi wa kaunti nao watafute pamoja na wenye mamlaka ya anga kiwanja kimoja, kimoja tu, ambapo kijana aliyehitimu kiooni ataweza kurusha bila kumhatarisha mtu. Na sisi wazee, kabla ya kumfukuza kijana mbele ya kompyuta, tumwulize kwanza anajifunza nini. Huenda akatujibu la maana.