Deni la Pikipiki Iliyonoki



Ndugu yangu mwenye kijana sekondari, nisikilize. Vijana wetu hapa Mbesa wakimaliza Kidato cha Nne, wengi wanakimbilia pikipiki ya mkataba. Kupima oili hajui. Injini inanoki mkataba haujaisha, pikipiki inalala, deni linabaki shingoni. Nawe unajua deni lilivyo zito mbele ya Allah, hata kwa aliyekufa shahidi.

Mtaala mpya ulioanza 2024 umeleta mkondo wa amali, lakini si kila shule inao. Tusubiri? Pikipiki moja mbovu na fundi wa hapa hapa, Jumamosi chache tu, mtoto atajua kupima oili, kukaza cheni, kusafisha plagi, kuangalia breki. Mabinti nao wawemo. Breki hasa, maana abiria uliyempakia ni amana. (Grisi ioshwe kwa sabuni kabla ya udhu.)

Utasema ufundi ni wa waliofeli. Nabii Daudi, alayhi salaam, alikuwa mfalme na akafua deraya za chuma kwa mikono yake. Alifeli wapi?

Kikao cha wazazi kikiitwa, hili lisemwe kabla ya michango.

Wallahu a'lam.