Sindano ya Miaka 10 na Swali la Nyanya

Juma lililopita nilipokea barua ya kurasa tatu kutoka kwa baba mmoja wa Kanyakine, kule Imenti Kusini. Bintiye ametimiza miaka 10, na shule imewaarifu wazazi kwamba wahudumu wa afya watafika kuwachanja wasichana wa umri huo dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi. Baba hana neno. Mama hana neno. Aliyekataa katakata ni nyanya. "Katika ukoo wetu hakuna ugonjwa huo," amesema bibi huyo, "na mtoto wa miaka 10 na maradhi ya wanawake waliokwisha kuzaa, wapi na wapi?"

Baba mwenyewe ana lake. Anasema alisoma bayolojia hadi kidato cha nne na akafunzwa kuwa saratani ni seli za mwili wenyewe zilizoasi. Iweje basi kirusi kiingie katika maneno hayo, na sindano itazuiaje seli kuasi?

Mzee, hilo ni swali la maana, na ukilijibu utakuwa umemjibu nyanya pia.

Panda matatu pale Nkubu uelekee kwako. Dereva haondoki kwa kuwa amejisikia kuondoka. Hungoja makanga apige bodi, na mpigo huo upite katika bati hadi umfikie sikioni. Seli nayo ndivyo ilivyo. Juu ya ngozi yake kuna vipokezi vinavyopokea habari kutoka kwa seli jirani: hapa pana jeraha, gawanyika upazibe. Habari hiyo hupokezanwa ndani na protini moja hadi nyingine, mpaka ifike kwenye kiini ambako jeni zimo. Hapo ndipo seli huanza kujigawa.

Lakini gari lililosimama mlimani huwekewa jiwe nyuma ya gurudumu. Katika seli jiwe hilo ni protini iitwayo Rb, ambayo huizuia seli isigawanyike mpaka ruhusa itolewe. Jina lake limetokana na saratani ya jicho inayowapata watoto wadogo, kwani ni katika watoto hao wanasayansi walipotambua madhara ya kuikosa. Tena yuko mkaguzi, protini iitwayo p53. Huyu akiona jeni zimeharibika huisimamisha seli zitengenezwe, na zisipotengenezeka huiamuru seli ijiue. Ndiyo, ijiue. Mwilini mwako jambo hilo linatendeka hata sasa unaposoma gazeti.

Onkojeni ni jeni ambayo protini yake hupiga bodi bila kukoma, abiria wawe wamepanda au hawajapanda. Onkojeni nyingi ni jeni zetu wenyewe zilizoharibika. Mojawapo yaitwa RAS, ambayo ikiharibika hukwama kama swichi ya stima isiyozimika. Kwa hiyo, mzee, mwalimu wako wa bayolojia hakukudanganya. Ila hakumaliza somo, kwa sababu ziko onkojeni zinazoletwa kutoka nje.

Kirusi kinachohusika hapa huitwa HPV. Aina zake ni nyingi, na nyingine huleta chunjua za mikononi tu. Aina mbili, ya 16 na ya 18, ndizo zinazosababisha takriban saratani 7 kati ya kila 10 za mlango wa kizazi. Mjerumani Harald zur Hausen na wenzake walizitambua katika saratani hiyo mwaka 1983 na 1984, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008.

Kirusi hiki ni kitu kidogo mno, hakina vyombo vya kujizalisha. Hutegemea vyombo vya seli, na vyombo hivyo hufanya kazi seli inapojigawa. Taabu ni kwamba seli za tabaka la juu, anakotaka kuzaana, zimekwisha kuacha kujigawa. Basi huja na protini zake tatu. Ya kwanza, E5, husimama penye vipokezi na kuufanya mpigo mdogo usikike kama mkubwa. Ya pili, E7, huliondoa lile jiwe la Rb bila kumwuliza mtu. Ya tatu, E6, ndiyo yenye hila kuliko zote. Haipigani na mkaguzi. Humbandika alama ya takataka, kisha mtambo wa seli yenyewe unaosaga protini zilizochakaa humsaga p53 ukidhani unafanya usafi.

Sasa gari halina jiwe, halina mkaguzi, na bodi inapigwa.

Nyanya asishtuke. Wanawake wengi huambukizwa kirusi hiki wakati fulani maishani, na mwili wenyewe hukifukuza katika mwaka mmoja au miwili. Wachache ndio wasiobahatika. Kwao jeni za kirusi hukatika na kujishikiza katika kromosomu za seli, na mara nyingi sehemu inayopotea katika kukatika huko ni ile iliyokuwa ikizidhibiti E6 na E7. Baada ya hapo seli hujigawa na makosa yake, kosa juu ya kosa. Huchukua miaka 15 hadi 20 kufika kwenye saratani, au 5 hadi 10 tu kwa mwanamke ambaye kinga yake imedhoofika, kwa mfano kwa virusi vya ukimwi visivyotibiwa.

Ushahidi? Mwaka 1951 mwanamke Mmarekani, Henrietta Lacks, alifariki kwa saratani hii. Seli zake zingali hai katika maabara duniani kote, na ndani yake mna HPV ya aina ya 18. Watafiti walipozizima E6 na E7 katika seli hizo, ziliacha kujigawa. Baada ya miaka yote hiyo bado zilikuwa zikitegemea protini mbili za kirusi!

Wala saratani yenye kuhusiana na kirusi si jambo geni Afrika Mashariki. Denis Burkitt, aliyekuwa daktari wa upasuaji Mulago, Kampala, alieleza mwaka 1958 juu ya uvimbe wa taya za watoto, na mwaka 1964 kirusi kikaonekana katika seli za uvimbe huo. (Najua wenyeji wa Meru wanaogopa zaidi saratani ya umio. Hiyo nitaiandikia siku nyingine, pamoja na habari ya chai inayonywewa ikiwa bado inafuka moshi.)

Ndiyo sababu ya miaka 10. Chanjo hutengenezwa kwa protini ya ganda la nje la kirusi peke yake. Haina jeni, haina E6 wala E7, kwa hiyo haiwezi kumwambukiza mtoto. Inaufundisha mwili kulitambua ganda hilo mlangoni. Kirusi kikishaingia katika seli na kulivua ganda, askari wa chanjo hana cha kukamata. Na kwa kuwa kirusi hupitia ngono, mlinzi hana budi kuwekwa miaka mingi kabla ya msichana kuwa mke wa mtu. Nyanya anaona mtoto anachanjwa mapema mno, lakini kungoja mpaka aolewe huenda kukawa kuchelewa. Ama hoja ya ukoo, mtu harithi kirusi hiki kama anavyorithi pua ya babu yake.

Hapa Kenya chanjo hii iliingizwa katika chanjo za kawaida Oktoba 2019, ikiwalenga wasichana wa miaka 10, tena bila malipo. Utafiti uliofanywa Thika, Nairobi na Kisumu kwa wasichana na wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20, na kutangazwa mwaka 2022, ulionyesha kuwa hata sindano moja iliwakinga dhidi ya aina ya 16 na 18 kwa asilimia 97.5 katika miezi 18. Wakati huohuo, makadirio ya mwaka 2020 yalisema wanawake zaidi ya 3,000 hufa nchini kila mwaka kwa saratani hii.

Barua yako, mzee, haikutaja umri wa mama wa mtoto. Ikiwa yuko kati ya miaka 25 na 49, naye ana safari ya hospitali. Kipimo kimoja ni cha siki tu: mhudumu hupaka mlango wa kizazi, na penye seli zilizoanza kuharibika hugeuka peupe. Pakionekana mapema huweza kugandishwa au kuchomwa kwa joto, pengine siku hiyohiyo, na saratani isitokee kabisa. Hata aliyechanjwa atahitaji kupimwa akifika umri huo, maana chanjo haizuii aina zote.

Nyanya mwenyewe umri wa chanjo umempita zamani. Lakini akiona tone la damu, ilhali hedhi ilikwisha kukoma miaka mingi, asimfiche mkwewe wala asingoje siku ya soko. Aende hospitali kesho yake asubuhi.