Mafuta Yanayopita Mlangoni Si Yetu

Jumapili iliyopita nilikuwa kanisani hapa Tunduma, nikamsikia mhubiri akisema mji wetu umebarikiwa, hauwezi kupungukiwa na mafuta, kwa kuwa kila siku malori ya petroli na dizeli yanapita mbele ya milango yetu. Watu wakapiga makofi. Mimi nilishindwa. Na wala si yeye peke yake; maneno hayo nayasikia kwa bodaboda, kwa wenye maduka, hata kwa walimu. Tuko njiani, basi hatutakosa. Huo ni uongo, tena uongo utakaotutia njaa.

Lori la mafuta lililo kwenye foleni ya mpakani limefungwa lakiri tangu Dar es Salaam. Mzigo ni wa Zambia au wa Kongo. Likae siku nne mbele ya kibanda chako, bado si lako, na ukichota lita moja wewe ni mwizi. Chini ya ardhi ya mkoa wetu wa Songwe limepita pia bomba la TAZAMA, kilomita 1,710 kutoka Kigamboni hadi Ndola, tangu mwaka 1968. Siku hizi linasukuma dizeli. Nionyesheni mkulima mmoja wa Mbozi aliyewahi kuwasha pauatila kwa dizeli ya bomba hilo! Kinachopita si chako. Faida tuliyoipata kwa malori hayo ni foleni inayomchelewesha mama mjamzito kufika hospitali, na hilo nalo tumelizoea kama mvua.

Mmesahau mwaka 2023? Julai na Agosti dola ilikuwa adimu na mafuta yakawa adimu nchini, mpaka EWURA, mamlaka inayosimamia biashara ya mafuta, ikafungia baadhi ya vituo kwa kuficha mafuta. Foleni ya malori mpakani ilikuwa palepale. Sheli niliyoizoea ilikuwa imefungwa kamba, nikanunua petroli ya chupa kwa shilingi 5,000 lita moja huku nikitazama lori lililobeba maelfu ya lita likivuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia.

Wakati huohuo kaka yangu, mkulima wa kahawa Mbozi, alikuwa katikati ya mavuno. Kahawa mbivu inatakiwa kumenywa siku ileile inapochumwa. Mashine ya kikundi chao inakula dizeli, na dizeli haikuwepo. Siku mbili kahawa ilikaa kwenye magunia ikachacha, ikatoa harufu ya pombe, na alipoiuza ilikuwa daraja la chini kabisa. Kazi ya mwaka mzima! Jirani yake, mzee ambaye vijana walikuwa wakimcheka kwa mashine yake ya mkono iliyojaa kutu, alimenya kahawa yake yote usiku kwa taa, akizungusha mpini kwa zamu na mkewe na wajukuu. Tangu siku hiyo mtu akiniambia tuko njiani, mimi namkumbuka mzee yule.

Wapo wanaonijibu: mafuta yakiisha huku, tutavuka Nakonde. Jamani, mafuta ya Nakonde yanatoka wapi? Bandari ni ileile ya Dar es Salaam! Ni sawa na kukimbilia kwa jirani kuomba maji wakati nyie wawili mnachota kisima kimoja. Wengine wanalitaja bomba la Uganda. Hilo linatoka Hoima kwenda Chongoleani, Tanga, kwa ajili ya mafuta ghafi ya kupakiwa melini. Ghafi hiyo tutaisafishia wapi? Kiwanda cha TIPER, kilichozinduliwa Kigamboni mwaka 1966, kiliacha kusafisha mafuta zamani, kimebaki matangi ya kuhifadhia.

Na visima vya mafuta vina mwisho. Indonesia ilikuwa ndani ya OPEC ikiuzia dunia mafuta, ikafika mahali inanunua. Uingereza ilifikia kilele cha uchimbaji wake mwaka 1999, tangu hapo inashuka. Sisi tunaoagiza kila lita kwa dola tutabaki mwisho wa mstari.

Wazambia walijua mapema kwamba mafuta yanaweza kukatika. Ian Smith, kiongozi wa walowezi wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo), alipoitangazia nchi hiyo uhuru, Novemba 1965, njia yao ya mafuta ya kusini ilikatika. Petroli ikagawiwa kwa kipimo, mapipa yakasafirishwa kwa ndege, na malori yakapita hapahapa Tunduma kwenye tope lililoua madereva wengi. Ndipo likajengwa bomba, kisha reli ya TAZARA. Walishtuka, wakajenga. Sisi tuliokuwa tunawatazama wakipita hatukujifunza kitu.

Tungejifunza, tusingewauza maksai ili tununue pikipiki. Momba na Mbozi watu walilima kwa plau za ng'ombe, wakavuna, wakapeleka mahindi sokoni kwa mikokoteni. Leo kijana akipata mkopo wa halmashauri, wazo lake la kwanza ni bodaboda. Mikopo mingi ninayoiona inaishia kwenye tangi la petroli. Kwa nini isinunue ng'ombe wa kulimia, baiskeli za mizigo, mota ya umeme ya kusagia kule ambako nguzo zimeshafika? Kwa nini AMCOS zetu, vyama vya ushirika vya wakulima, zinajenga ofisi zenye vigae lakini hazina mashine hata moja ya mkono kwa siku ya dharura, wala tangi dogo la kutunza dizeli ya msimu, lenye kibali? Na TAZARA ina stesheni mjini kwetu. Madiwani wangeidai ibebe mahindi yetu kwa nguvu ileile wanayotumia kugombea vibanda vya soko.

Wakulima wa Mbozi, Ileje na Momba, msimu wa kahawa na mahindi unarudi kila mwaka, dizeli haijaahidi hivyo. Mkutano ujao wa AMCOS yenu, msikubali ufungwe kabla mwenyekiti hajajibu swali moja mbele ya wanachama wote: siku dizeli haipo, kahawa yetu itamenywa na nini?