Tumechoka na Barua za Bambi

Kila msimu wa maombi ya ufadhili ukifika, vijana wa Kamwokya wanaanza kukimbia na bahasha. Wanatafuta mtu mwenye cheo na muhuri awaandikie barua ya mapendekezo. Mimi barua hizo nazisoma, kwa sababu vijana wananiletea tupange karatasi pamoja kabla ya kutuma. Nasema bila kuzunguka: nyingi hazifai. Kiingereza chake ni kizuri kuliko changu, tatizo haliko hapo. Hazifai kwa sababu zinamwombea mtu huruma wakati zilitakiwa zimtolee ushahidi. Mimi naziita barua za bambi. Ukimaliza kusoma unasema “bambi”, unaweka chini, unachukua nyingine.

Barua yenyewe mnaijua. Huyu ni mkimbizi kutoka Kongo. Baba alifariki, mama anatembeza vitenge mjini. Wanaishi katika mazingira magumu. Ni mwenye nidhamu, mwenye bidii na mtulivu, tunaomba mumsaidie. Muhuri. Sasa niambieni, huyo ni nani? Ni nusu ya watu wa zoni yetu! Badilisha jina juu, unaweza kuwagawia wote. Na ndivyo inavyofanyika kweli. Nimeshika barua ya msichana ambayo ilimwita mwanaume kuanzia aya ya pili mpaka kwenye sahihi. Kwa Kiswahili yeye ni yeye tu, hakuna wa kukugundua, lakini Kiingereza kinakuumbua.

Fikirini kidogo barua inakokwenda. Chukua DAFI, ule ufadhili ulioanzishwa na serikali ya Ujerumani mwaka 1992 na unaosimamiwa na UNHCR. Ni ufadhili wa wakimbizi. Yani kila jina lililo mezani ni la mkimbizi, na karibu kila mmoja amepoteza mtu na hana karo. Ukimwandikia msomaji wa hapo kwamba kijana wako ni mkimbizi mwenye shida, hujamwambia kitu. Uganda ina wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu. UNHCR inataka ifikapo 2030 wakimbizi 15 katika kila vijana wakimbizi 100 wawe kwenye elimu ya juu, na hata lengo hilo likitimia, 85 watabaki nje. Huyo anayechagua anatafuta sababu ya kumchukua huyu na kumwacha yule. Barua yako ndiyo ilitakiwa impe hiyo sababu.

Kuna msichana ninayemfahamu, anataka kusomea uuguzi. Miezi minane, kila Jumanne, amekuwa akiwasindikiza akina mama wetu kwenye kituo cha afya na kuwatafsiria, kwa sababu wengi hawajui Kiluganda wala Kiingereza. Ana daftari ambalo ameandika majina ya magonjwa na namna ya kunywa dawa kwa lugha nne. Siku moja alimzuia mama kuondoka na dawa, akarudi naye dirishani, kwa vile maelezo aliyopewa mama hayakulingana na yaliyoandikwa kwenye pakiti. Barua ya ofisi ilisema nini juu yake? Mtulivu. Mtulivu! Mtu wa lugha nne!

Sasa kuna jambo ambalo waandishi wengi hawalijui, na linawaangusha Wakongomani kila mwaka. Mtu aliyepata asilimia 60 kwenye Exetat, kule nyumbani ni mwanafunzi mzuri. Kupita ni 50, na wanaofika 70 si wengi. Lakini anayezoea alama za nchi nyingine anaona 60 anasema huyu ni wa wastani. Mistari miwili tu ya barua ingemsaidia kijana hapo. Vilevile ile miaka mitatu minne iliyo wazi kwenye fomu. Msomaji anadhani mtu alikaa tu. Hajui kwamba alikuwa anajifunza Kiingereza kutoka mwanzo, anatafuta pesa ya kupeleka cheti UNEB kilinganishwe na vya Uganda, na wakati huo huo anabeba mizigo sokoni. Hayo yaandikwe, na tarehe zake. Kueleza namna hiyo si kuomba huruma.

Lakini yasiandikwe yote. Hapa naongea na wa mashirika moja kwa moja. Kijana mmoja alifungua barua yake akakuta ndani jambo lililompata njiani wakati wa kukimbia, jambo alilomwambia mshauri mmoja tu, mlango umefungwa. Hakuna aliyemwuliza kama anakubali liandikwe. Hakutuma maombi. Alikuwa na alama, alikuwa na kila karatasi, na muda ukapita barua ikiwa chini ya godoro. Nani aliwapa ruhusa ya kuuza kidonda cha mtu ili mpate aya moja ya kusikitisha?

Najua mtakachojibu. Wateja ni wengi, ripoti zinasubiri, nyinyi si walimu, hamuwajui vijana wote hawa. Sawa, nakubali. Basi kama humjui, sema humjui, umwelekeze kwa anayemjua. Mwalimu wa hesabu, nesi wa zamu, kiongozi wa kwaya aliyemkabidhi pesa za sare na zikarudi na hesabu kamili: hao wana cha kuandika. Kama fomu inadai mtu mwenye cheo, kaa na kijana nusu saa, muulize alifanya nini, lini, na nani aliona, halafu mpigie simu huyo aliyeona. Nusu saa, mkubwa wangu. Na pesa ya muhuri, hata mkiiita ya soda, iacheni.

Na nyinyi vijana, msinicheke, zamu yenu. Mnaacha walimu waliowafundisha miaka miwili mnamkimbilia bosi ambaye mlipiga naye picha semina moja. Tena mnakwenda jioni ya siku ya mwisho. Atafanya nini, si ata-copy tu? Nendeni wiki tatu kabla, na karatasi moja yenye mambo matano mliyoyafanya.

Yule msichana wa kituo cha afya hakutumia ile barua ya utulivu. Nesi aliyekuwa anamwona kila Jumanne alimwandikia nyingine, mistari kumi na moja, daftari limo, siku ya dirishani imo, vita havimo. Tuliituma tukiwa kwenye kibanda cha intaneti, umeme ukikatika mara mbili. Majibu bado.