Kabla Utangaze Unaendesha Baike Hadi Mombasa Kuchanga Doo, Soma Hii Kwanza

Unajua ile stori. Mtu wenu amelazwa, bili inapanda kila siku, na grupu ya WhatsApp imechoka kuchangishwa. Msee mmoja anakuja na wazo: "Tuendeshe baike kutoka Nai hadi Mombasa, watu watume chochote." Posta inatengenezwa usiku huo huo. Safari ni wiki tatu zijazo. Kila mtu anaweka emoji ya moto.

Wazo ni poa, hakuna anayekataa. Watu hutoa kwa moyo wakiona mtu anajitesa kwa sababu ya mwingine. Shida ni hizo wiki tatu. Nairobi hadi Mombasa ni takriban kilomita 480. Gawanya kwa siku nne, ni kama kilomita 120 kila siku, na wewe hujawahi kukalia baike zaidi ya saa moja.

Halafu kuna wale watakuambia, "Nai iko juu, Mombasa iko baharini, si ni mteremko tu?" Wacha kudanganywa. Ni kweli Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, lakini hiyo barabara hupanda na kushuka njia yote. Ukifika Mtito Andei uko kama katikati, na mbele kuna joto la Voi, bila kivuli.

Kwa hivyo jipe angalau miezi mitatu. Anza na safari fupi mara tatu kwa wiki, kisha uongeze kilomita polepole, kama asilimia 10 kila wiki. Wikendi ndiyo ya safari ndefu. Karibu na mwisho, endesha Jumamosi na Jumapili mfululizo, juu siku ya pili ndiyo huonyesha kama miguu iko tayari. Panda Ngong ujue mlima ni nini. Wiki ya mwisho punguza, pumzika.

Kula ukiwa njiani pia ni mazoezi. Ukingoja kusikia njaa, umechelewa. Miguu itazima ghafla kama simu isiyo na chaji. Beba ndizi, chapo, viazi vitamu, na upige maji kidogo kidogo. Jifunze kubadilisha tyubu mwenyewe, maana pancha haitangoja upate fundi.

Sasa tuongee ile kitu watu huogopa kusema: barabara yenyewe. Kwa miaka ya karibuni, zaidi ya watu 4,000 wamekuwa wakifa kwa barabara za Kenya kila mwaka. Barabara ya Mombasa imejaa matrela na mabasi ya usiku, na sehemu nyingi hakuna njia ya baiskeli. Agosti 2022 tulimpoteza Suleiman Kangangi, mmoja wa waendeshaji wakali Kenya imewahi kuwa nao, kwenye mbio huko Vermont, Marekani. Kama ajali inaweza kumpata mtu wa kiwango hicho, wewe wa wiki tatu unajiamini na nini? Helmeti, rifleta, taa, gari la kufuata nyuma, na hakuna kuendesha giza likiingia. Mkikosa hayo, fupisheni safari. Nai hadi Naivasha na kurudi bado ni jasho, na hakuna mtu atadai arudishiwe mchango wake.

Mwisho, ganji. Gari, mafuta, malazi na chakula vinakula pesa haraka. Kama vitatoka kwa mchango wa mgonjwa, mnaweza kufika Fort Jesus mkiwa mmekula nusu ya bili. Lipeni safari kutoka mfukoni au mtafute mdhamini, na muwaambie watu mapema. Kila shilingi iliyotumwa iende hosi, na risiti iwekwe kwa grupu.

Mgonjwa hahitaji mtu wa pili kwa wodi. Sogeza tarehe, fanya mazoezi, halafu utume hiyo posta. Tutatoa tu, na tutakushangilia hadi Mazeras.

Ama wewe unaonaje? Ungeendesha wiki ijayo, au ungengoja miezi mitatu?